Mama Yuko Katikati ya Picha

Mpaka leo Fundi Viatu hajui kwa nini aliitazama filamu ya marehemu mama yake mara tatu bila chozi, ilhali wiki hiyohiyo kandambili za mama huyo zilimliza mbele ya wateja. Kijiweni, kwenye benchi lililo kati ya kibanda chake na cha Kinyozi, swali hilo lilikuwa limeshamaliza birika zima la kahawa. Filamu aliitengeneza Fremu, mpiga video wa mtaa, aliyepewa jina hilo kwa sababu kitu kisipokaa katikati kabisa ya picha yake, hata chakula hakimshuki. Na Jumamosi dada yake Fundi angefika kutoka mbali kuitazama. Yeye hakuwahi kumuaga mama.

— Ni nzuri, alisema Fundi kwa mara ya nne. Sikatai. Lakini mama yangu yuko wapi humo ndani?

— Yuko katikati, alijibu Fremu. Nimepima.

Kinyozi alimuunga mkono: kichwa kikichongwa vizuri, nani huuliza kina mawazo gani? Fundi Umeme, ambaye hapendi kupitwa, alidai kosa ni la simu. Rangi ya buluu iliyojaa filamu nzima ikibanwa kwenye kioo kidogo huziba machozi. Filamu itazamwe ukutani, yatatoka yenyewe.

Fundi alishusha pumzi. Aliwakumbusha siku ya kurekodi, mama akiwa bado hai. Fremu aliupaka ukuta upya kwa rangi ya buluu, akakiondoa kiti cha plastiki alichokalia mama miaka kumi na miwili, akaazima cha mbao kilichofanana rangi na mlango. Mama akakaa juu yake kama aliyeitwa kituoni.

— Ukuta ulikuwa na madoa, kaka, alijitetea Fremu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Na mlango kufungwa dakika nzima?

— Haraka haraka haina baraka.

— Fremu, ndugu yangu, mama hakufunga mlango polepole hata siku moja. Aliubamiza mpaka majirani wakaitikia karibu.

Mwanamke mmoja, mgeni mtaani, alikuwa amefuata viatu vyake. Aliomba simu, akatazama akiwa amesimama, mpaka mwisho.

— Hapa midomo yake inacheza, alisema. Anasema nini?

Hapo penye midomo palikuwa na muziki tu, na hata Fremu hakukumbuka maneno yenyewe.

— Sauti ninayo, alisema Fremu hatimaye. Na vipande nilivyovitupa. Nilitaka kuvifuta Ijumaa. Havifai, kaka. Anainuka, anacheka, anamfokea paka, nusu ya uso iko nje.

— Hivyo ndivyo ninavyovitaka.

Fremu alilalamika kwamba vipande hivyo vitamharibia jina. Fundi hakumkaripia, alimwona kama mtu aliyejua kupenda kwa kunyoosha mistari tu, na wapo wasiojua hata hilo. Ikaamuliwa kwamba dada ataonyeshwa yote mawili: kwanza filamu ya Fremu yenye ukuta wa buluu, maana jasho la mtu halidharauliwi, kisha vile vipande, visiguswe rangi wala kuwekewa muziki. Kinyozi alijitolea kuviunganisha, akanyimwa. Fremu aliviunganisha mwenyewe, na Jumamosi asubuhi, mbele ya dada, ni yeye aliyeviwasha, akaongeza sauti.