Maisha ya Mama Mapigo, Mwalimu wa Wauguzi

Ndugu zetu mliokuja kutushika mkono, majirani, walimu na wanafunzi wa chuo cha uuguzi, mimi ni mkwe wa marehemu, mke wa kitinda mimba wake, na familia imeniagiza niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye chuoni wote mlimwita Mama Mapigo, na mtaniwia radhi nikisoma upesi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi mitambo na mshonaji, na bibi yake alisimulia kwamba alitembea hata kabla ya kutambaa sawasawa.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza sekondari mwaka 1978, akaingia chuo cha uuguzi tarehe 5 Februari 1979, akahitimu mwaka 1982, akahudumu wodi ya wanaume miaka tisa, kisha mwaka 1991 akarudi chuoni kuwafundisha wa mwaka wa kwanza maumbile ya mwili na jinsi unavyofanya kazi. Chuo hakikuwa na sanamu ya kufundishia, kilikuwa na bango moja tu lililochanika penye ini, kwa hiyo alitumia mwili wake mwenyewe, alivua viatu wakahesabu mifupa ya mguu, alikunywa maji wakatazama koo linavyopanda na kushuka, na kila mwaka walipanga foleni kusikiliza moyo wake, mmoja akiwa na kifaa kifuani, mwenzake ameweka vidole penye mshipa wa mkono, wakihesabu kwa dakika ile ile moja, na hesabu zisipolingana aliwaambia, "Mmoja wenu kasinzia, wanangu, na si moyo wangu."

Alifunga ndoa tarehe 7 Juni 1986 na dereva wa gari la wagonjwa, ambaye hadi leo hulalamika kwamba kila alipotaka kumshika mkewe mkono alianza kupimwa mapigo, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja, na sasa wajukuu wanne. Mimi niliishia darasa la saba, naye hakunihesabia hilo hata siku moja, alinifundisha jikoni, huku anamenya vitunguu, kuhesabu pumzi za mwanangu mwenye homa, na nilipochanganya namba kwa hofu alisema, "Anza tena, mama, mtoto hakimbii."

Tarehe 9 Septemba mwaka huu, katika mtihani wa vitendo, binti mmoja wa dawati la nyuma alihesabu kifuani mwa mama mapigo 104, mwenzake mkononi akapata 88, binti akarudia, akapata 106, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, yanaruka-ruka," mama akamjibu, "Yanayoruka ni masikio yako," darasa likacheka, na akapewa sifuri kwa wino mwekundu, sifuri ambayo ingemfanya arudie mwaka mzima.

Tarehe 21 mama alianguka mbele ya ubao akitafuta pumzi, akalazwa, na daktari akamwonyesha kwenye mashine kwamba moyo wake unapiga ovyo, na mapigo mengine ni dhaifu mno, hayafiki mkononi, kwa hiyo hesabu zote mbili zilikuwa sahihi. Kabla hajaomba maji aliomba fomu ya alama, hakutulia hadi tarehe 25 mkuu wa chuo alipoileta, akaishikilia yeye mwenyewe chini ya mkono wa mama, mama akakata ile sifuri, akaandika kumi kwa kumi, wakasaini wote wawili. Akaagiza binti aitwe, lakini binti hakuja, kwa kuwa wenzake walimlaumu kwamba kama angeng'ang'ania siku ile, mwalimu asingefika kitandani, na kila saa ya kuwaona wagonjwa mama aliangalia mlango. Tarehe 2 Oktoba damu iliganda ikaziba mshipa wa kichwani, akafariki saa nane mchana.

Tulimuuliza daktari kuhusu zile siku kumi na mbili, tangu mtihani hadi alipoanguka, hakusema kwamba zingemwokoa, wala hakusema kwamba zisingemwokoa, alisema tu ugonjwa ule ulikuwa wa siku nyingi, na sisi wa nyumbani tuliomwona akisimama katikati ya ngazi, tukakubali aliposema ni uzee, tunajua kwamba hatuna wa kumnyooshea kidole.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyemchana nywele bila kuombwa, majirani waliotulelea watoto, na walimu wenzake waliogawana vipindi vyake. Tunakushukuru na wewe, binti, tunakuona umesimama nje ya geti na sare yako, na mama alitaka niseme mbele ya darasa lile lile lililocheka, kwa maneno yake, "Alisikia vizuri, niliyekosea ni mimi, tena nikafanya watu wamcheke." Sogeeni hapo mbele, mpisheni apite, kiti chake kipo kati yangu na mume wangu.

Pumzika kwa amani, Mama, anakuja.