Ukoo wa Njugu

Benchi la Osman liko Tuwan, hapa Kitale, limeegemea ukuta wa kinyozi, na kahawa yake ya tangawizi hunywewa kwa njugu: unatafuna, unapiga funda, unabishana. Siku hiyo mkebe wa njugu alikuwa ameufungia ndani kwa kinyozi, na sote akatunawisha mikono kwa sabuni, kwa sababu Wangila alikuja na binti yake Ivy, wa miaka mitano. Wiki iliyotangulia, kwa nyanyake huko Kabuchai, Ivy alikula njugu za kukaanga, mdomo ukavimba na pumzi ikaanza kukwama, babake akamkimbiza hospitali Bungoma kwa pikipiki. Daktari akasema asiguse njugu tena. Sasa Wangila alikuwa na hofu nyingine, na sisi ambao hatujui kitu tukajitolea kumsaidia.

Wangila: Jirani ameniambia ati maharagwe na njugu ni ndugu. Na Mama Ivy ameenda mkutano wa kanisa Webuye, ameacha sufuria ya maharagwe kwa jiko. Nimeifunika tu. Nilimbeba huyu mtoto kwa pikipiki nikisikia vile anatafuta pumzi. Siwezi rudia.

Hakuna aliyecheka. Hata Mukhwana alivua kofia. Huyo tunamwita Karatasi, kwa sababu alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi Webuye na mpaka leo huzungumza kama msimamizi wa zamu.

Karatasi: Hiyo maneno ni rahisi. Kwetu kijana akileta msichana, si unauliza ukoo kwanza? Ukoo ikiwa moja, hakuna ndoa. Chakula pia tuulize ukoo.

Wangila: Sasa njugu ni ukoo gani?

Karatasi: Ya wale wanazaa watoto ndani ya ganda. Maharagwe, kunde, ndengu, soya. Njugu mawe hata usiulize, hiyo wametoka tumbo moja.

Kusema kweli hapo alikuwa hajapotea sana. Angenyamaza, tungekuwa salama. Lakini Salman alikuwa ameshatoa simu. Salman huuza laini za simu, nasi tunamwita Bando, kwa sababu bando lake huisha pale tu jibu linapofunguka.

Bando: Wazee, hapa wameandika korosho na embe ni familia moja.

Wangila: Embe? Mti mkubwa hivyo?

Bando: Ndio wamesema. Ngoja nione kama njugu iko kwa hiyo familia... Imeisha.

Wangila: Basi embe pia hapana.

Mimi nikauliza, "Ugali je?" Nilitaka kumtuliza Wangila. Nilijuta mara moja.

Karatasi: Ugali? Mahindi si tunapanda na maharagwe shimo moja? Wanalala pamoja tangu mvua ya kwanza. Hao ni bibi na bwana, bana.

Wangila: Karatasi, usiniambie ugali.

Karatasi: Mimi nakuambia tu vile ukoo iko.

Bando: Na viazi tamu inakaa chini ya mchanga na njugu. Majirani.

Osman: Jirani si ndugu.

Karatasi: Osman, mamako alipofariki nani alichimba kaburi? Si sisi majirani?

Ilikuwa kweli, na viazi vikaenda hivyo. Sukuma wiki ikafuata, kwa kuwa hupandwa pale maharagwe yameng'olewa, yaani imerithi shamba. Maziwa nayo yakaanguka, maana ng'ombe hulishwa maganda ya maharagwe.

Bando: Na kahawa? Si pia inazaa mapacha ndani ya ganda?

Osman aliweka birika chini polepole.

Osman: Kahawa ni mgeni hapa. Haina ndugu.

Hilo tulilikubali haraka sana, wote.

Wangila: Sasa imebaki nini?

Karatasi: Chumvi. Na maji, kama imechemshwa.

Ivy: Baba, nasikia njaa.

Wangila: Ngoja kidogo, mama. Wazee wanamaliza.

Ndipo akafika Mulki, mpwa wa Osman, aliyeshuka siku hiyo kutoka Eldoret kumtembelea mjomba wake. Alisalimia, akaona machozi ya mtoto, akauliza kuna nini. Tukamweleza sote kwa pamoja, ukoo, shimo, ng'ombe. Alisubiri mpaka tukaishiwa na pumzi.

Mulki: Baba Ivy, tangu mtoke hospitali amekuwa akila nini?

Wangila: Ugali. Maharagwe.

Mulki: Jana pia?

Wangila: Jana pia. Mamake alipika.

Mulki: Akavimba?

Wangila: Hapana.

Mulki: Na zamani, kabla ya hiyo njugu?

Wangila: Maharagwe anakula tangu aote meno.

Mulki: Sasa leo mmemnyima kwa nini?

Karatasi alitazama ndani ya kikombe chake. Bando alitazama simu ambayo alijua haina kitu. Mimi niliona aibu, kwa sababu mtoto alikuwa ameketi katikati yetu muda huo wote na hakuna hata mmoja aliyemuuliza babake hivyo.

Karatasi: Lakini ukoo...

Wangila akamkatiza.

Wangila: Niliogopa tu.

Alimwinua Ivy, akamweka begani.

Wangila: Na njugu mawe? Nyanyake ametuma debe nzima.

Mulki: Hiyo mimi sijui. Asionje mpaka daktari aseme.

Wangila: Basi kesho narudi Bungoma nimuulize. Twende, mama, nikupashie maharagwe.

Walikwenda. Osman aliinamisha birika, likatoa tone moja. Akaingia kwa kinyozi, akarudi na ule mkebe wa njugu, akaufungua na kuuweka katikati ya benchi kama kawaida. Ukakaa hapo wazi mpaka akaufunika tena, na hakuna aliyenyoosha mkono.