Bwana Utaratibu na Mihuri ya Karatasi Tupu

Mkuu wa Kitengo cha Elimu Maalumu, ambaye katika jengo hili lote, kuanzia ghala hadi ghorofa ya juu, hujulikana kwa jina la heshima la Bwana Utaratibu, anastaafu leo, Ijumaa tarehe thelathini Juni, baada ya kuitumikia ofisi hii kwa miaka thelathini na moja. Katika muda huo hakuna karatasi iliyopotea mikononi mwake. Zipo ambazo hazikuonekana tena, lakini zote zinajulikana zilipo: zinasubiri.

Alianza akiwa karani wa masjala, kijana mwembamba mwenye kalamu nyingi mfukoni kuliko kazi aliyopewa. Wakongwe wanakumbuka kwamba katika juma lake la kwanza alimrudishia mkurugenzi barua kwa sababu haikuwa na kumbukumbu namba, na katika juma la pili mkurugenzi akaanza kuweka namba. Huo ndio mwanzo wa kupanda kwake. Alipokuwa mkuu wa masjala alibuni trei za mezani ambazo mpaka leo ni fahari ya kitengo: Yanayoingia, Yanayosubiri, na Yanayosubiri Maelekezo. Trei ya Yanayotoka iliagizwa pia, ila mchakato wa kuinunua haujakamilika.

Uaminifu wake kwa kanuni haujawahi kutiliwa shaka na mtu yeyote. Siku ya zoezi la moto, watumishi walipokuwa wamekwisha kukusanyika uwanjani, yeye alibaki ofisini akiuliza king'ora kimepigwa kwa idhini ya nani. Hatimaye alishuka na daftari la mahudhurio, akawahesabu watu mmoja mmoja, akabaini kwamba kuna mtumishi hayupo, akarudi ndani kumtafuta. Ilimchukua muda kutambua kwamba aliyekosekana ni yeye mwenyewe.

Huenda wasomaji wakajiuliza kwa nini wasifu huu umeandikwa na mtu asiye mwajiriwa. Kamati ya maandalizi iliona, na kwa haki, kwamba hakuna mtumishi aliyekaa mbele ya mlango wa mstaafu kwa muda mrefu kuliko baba wa mwanafunzi mmoja, fundi cherehani kwa kazi, ambaye alijifunza uandishi wa maombi rasmi papo hapo kwenye benchi. Ilifika mahali mhazili akawa anamwambia, "Mzee, umeshafika? Basi nishikie simu nikanywe chai, maana siku hizi wewe ndiye mwenye ofisi." Barua yake ya kwanza ilirudishwa kwa kukosa maneno "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Ya pili ilirudishwa kwa kuwa na maneno hayo bila ya kuwa na kichwa cha habari. Ya tatu Bwana Utaratibu aliisoma kwa sauti mbele ya mhazili, akaishusha taratibu, akasema, "Hii sasa ni barua." Hakuijibu, lakini sifa ile ilimtosha mwandishi wake kwa siku kadhaa.

Barua zote zilihusu jambo moja. Binti wa fundi huyo, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka tisa, ana usonji. Nyumbani anaitwa Chiriku, jina alilopewa na bibi yake kwa upendo na kwa utani, kwa kuwa ni mtoto wa maneno machache mno. Darasani alikuwa na mwalimu msaidizi, dada mmoja mtulivu aliyekaa pembeni yake na kugonga meza mara mbili kwa kidole kabla ya kila kazi: moja ya kujiandaa, moja ya kuanza. Kwa kugonga huko Chiriku alisoma, akaandika, na katika kujumlisha na kutoa akawaacha wenzake mbali. Kisha maradhi yakaingia, shule zikafungwa, masomo yakahamia kwenye simu, na mwalimu msaidizi akaambiwa atulie kwake hadi hapo atakapoarifiwa, kwa kuwa waraka haukueleza namna ya kukaa pembeni ya mtoto kwa njia ya mtandao.

Waraka huo, ulioandaliwa na mstaafu wetu kwa lugha safi isiyo na doa, ulisema kwamba mwanafunzi atahesabiwa kuwa amehudhuria pale uso wake unapoonekana kwenye skrini. Asiyeonekana kwa majuma matatu mfululizo angefutwa kwenye orodha ya darasa, na nafasi yake, pamoja na mwalimu msaidizi kama anaye, ingepewa mwingine. Chiriku alizitazama nyuso za darasa zima zikipanua midomo kwa wakati mmoja ndani ya simu, akaziba masikio, akaingia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Hakukataa kusoma. Akiwa humo chini alisikiliza hesabu, akazifanya kwa vifungo vya nguo, kimoja baada ya kingine, bila ya kukosea. Lakini kifungo hakina uso, na waraka ulikuwa wazi.

Baba aliomba mwalimu msaidizi aruhusiwe kufika nyumbani na kukaa barazani, na kabla ya hapo mtoto ahesabiwe kwa kazi zake badala ya sura yake. Bwana Utaratibu alilipokea ombi kwa mikono miwili. Alieleza kwamba ofisi haina kinyongo na mtoto yeyote aliye chini ya meza. Ila msaada hutolewa baada ya tathmini, tathmini hufanywa na jopo, jopo hukutana kwa video, na mtoto lazima aonekane mbele ya jopo ili ithibitike kwamba hawezi kuonekana. Baba aliinakili sentensi hiyo neno kwa neno, kwa maana ilikuwa imejengwa vizuri.

Jopo likaketi. Chiriku hakutoka chini ya meza. Kumbukumbu za kikao hicho zinasomeka hivi: "Mhusika hakufika, na jopo halikuweza kubaini sababu."

Kikao cha pili ndicho kinachosimuliwa mpaka leo kwenye chumba cha chai. Mtandao ulikuwa mbovu, picha zinakatikakatika, na bibi wa mtoto, aliyechoshwa na danadana, akaichukua simu ili awaambie wajumbe wavumilie kidogo. Mjumbe anayesoma maswali, ambaye hana mazoea ya kuinua macho kutoka kwenye karatasi yake, akaanza bila ya kuchelewa. Akamtaka mhusika ataje rangi tatu. "Rangi?" bibi akashangaa. "Nyekundu, nyeusi, na hiyo ya shati lako ambayo hata sijui niiite nini." Akaulizwa kama anaweza kuvaa viatu bila ya kusaidiwa. "Mwanangu, nimewavalisha viatu watoto saba, mmoja wao sasa ana kipara." Akaulizwa kama hucheza na wenzake. "Wenzangu wengi wameshatangulia mbele ya haki." Jopo likaridhika. Uamuzi ukatoka kesho yake, katika nakala sita, ukieleza kwamba mhusika anajieleza kwa ufasaha, ana ucheshi, na hahitaji msaada wowote wa kielimu.

Watu hucheka hapo, na wana haki ya kucheka. Nyumbani kwa fundi hakuna aliyecheka isipokuwa bibi, naye mara moja tu, kwa sababu juma la tatu lilikuwa limekwisha kuanza na mtoto alikuwa ameacha kugusa hata vifungo. Alikuwa amekaa na magoti kifuani, akivuma kwa sauti moja kutwa nzima.

Rufaa ikakatwa. Ili isikilizwe, ilibidi kwanza uamuzi uliomhusu bibi ufutwe, na ili ufutwe, kila nakala ilibidi igongwe muhuri wa BATILI mbele ya wajumbe. Bwana Utaratibu aliongoza kikao hicho akiwa peke yake ofisini, tai shingoni, simu ameiegemeza kwenye mkebe wa kalamu. Simu ikateleza. Badala ya uso wa mwenyekiti ukaonekana mkono, pedi ya wino na muhuri, basi. Mkono ukagonga kwenye wino, ukagonga kwenye karatasi. Ko, ko.

Chini ya meza, mvumo ukakatika.

Ko, ko. Kichwa kikachungulia. Kufikia nakala ya nne Chiriku alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameisogelea simu hata pua inaigusa, na kidole chake kikiwa tayari juu ya meza. Moja ya kujiandaa, moja ya kuanza. Uso wake ukajaa kwenye skrini za wajumbe wote. Kisha nakala zikaisha, mwenyekiti akauweka muhuri chini, na mtoto akaanza kuteremka kurudi alikotoka.

"Mkuu, gonga tena!" baba akasema. Ni ombi lenye upungufu mwingi wa kimaandishi, na linanakiliwa hapa jinsi lilivyotoka.

"Nakala zimekwisha," mstaafu akajibu.

"Gonga karatasi tupu."

Watumishi hawahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Kugonga muhuri wa ofisi kwenye karatasi tupu ni kosa la kinidhamu, na mwaka uliotangulia mstaafu mwenyewe alikuwa amemwandikia karani onyo kali kwa jambo hilo hilo. Mkono ukaurudia muhuri. Kisha ikasikika sauti yake ikisema, "Iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba mwenyekiti ameombwa." Ikaandikwa. "Iandikwe kwamba mwenyekiti anaijua kanuni." Ikaandikwa. Ndipo akavuta karatasi nyeupe, akagonga.

Akaendelea kugonga mpaka kikao kikaisha. Mjumbe wa maswali, safari hii akiwa ameinua macho, alitoa hesabu, na Chiriku akazijibu kwa vifungo alivyovipanga mbele ya kamera. Jopo likakubali kwa kauli moja kwamba mwalimu msaidizi afike nyumbani, kwa kibali cha mwaka mmoja kitakachohuishwa kila mwaka.

Ila kibali kilichokubaliwa bado si kibali kilichotoka. Hicho kilipita kwenye trei zote kwa mwendo wake unaostahili, na katika kipindi hicho mstaafu alifanya kazi ambayo haimo katika majukumu yake. Kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, alipiga simu nyumbani kwa fundi, akaielekeza kamera mezani, akagonga karatasi tupu mpaka Chiriku akatoka, akaketi, akaonekana, akahesabiwa. Mhazili alimuuliza kwa nini asikisaini tu hicho kibali akapumzisha mkono. Alimtazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Utaratibu hauruhusu kuruka hatua." Wakaguzi walipolifungua kabati na kukuta rundo la karatasi nyeupe zilizogongwa BATILI, wakataka kujua ni nyaraka za nini. Aliwajibu kwamba ni mahudhurio. Mwandishi anathubutu kusema, kwa heshima na taadhima, kwamba kati ya mihuri yote iliyogongwa katika miaka thelathini na moja, hakuna iliyotoa huduma kwa haraka kama hiyo.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu msaidizi alirudi darasani pamoja na Chiriku, na kila mwaka kibali kimehuishwa, sasa kikiwa cha darasani. Mwezi uliopita mtoto huyo, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili, alisimama mbele ya darasa akasoma aya nzima kwa sauti, huku mwalimu msaidizi akiwa amesogea hadi karibu na mlango. Wanatarajia kwamba siku moja atasogea hadi nje. Siku hiyo bado.

Kibali cha mwaka huu kinakwisha leo. Jalada la kukihuisha lilifika mezani kwa mstaafu mwanzoni mwa mwezi, likiwa limekamilika kwa kila hali, na bado halina saini. Msimamo wake, ambao ameueleza kwa adabu, ni kwamba si vyema anayeondoka kumfunga mikono anayekuja. Anayekuja hajulikani, kwa sababu nafasi haiwezi kutangazwa kabla haijaachwa wazi. Saini isipopatikana, Jumatatu mwalimu msaidizi anapangiwa shule nyingine na Chiriku anaingia darasani peke yake. Asubuhi ya leo mhazili alijaribu kukumbusha, akarudi akitikisa kichwa: "Mzee, ananiambia siku ya mwisho mtu hasaini, anaaga."

Kwa hiyo mwandishi ameomba, na kamati imeridhia, wasifu huu usomwe mwanzoni mwa hafla badala ya mwishoni. Bwana Utaratibu yuko mstari wa mbele, amevaa suti ya kijivu na anasikiliza kwa makini kama ilivyo desturi yake. Jalada liko mezani kwake, limefunuliwa kwenye ukurasa wa saini, na kalamu imewekwa juu yake. Kanuni za Utumishi zimesomwa kifungu kwa kifungu, na hakuna panaposema kwamba mtumishi hukoma kuwa mtumishi keki inapoletwa. Zinasema utumishi hukoma saa za kazi zinapokwisha siku ya mwisho. Ofisi hufungwa saa kumi na nusu. Sasa hivi ni saa nane.

Wageni waalikwa wanaombwa wawe na subira. Keki ipo, haitakatwa mpaka mwenyewe apande ofisini kwake na kushuka.

Mkuu, wazazi wanakushukuru. Wengi walituzungusha kwa uvivu. Wewe ulituzungusha kwa imani, na asubuhi zile zote ulipiga simu. Tunakuombea ustaafu mwema, wenye afya, familia karibu, na usingizi mzuri wa mchana, kuanzia kesho.