Mlango Umetangulia

Najma alijifanya anasoma simu, kumbe masikio yote yalikuwa kwenye mlango wa mninga uliopanda kivuko cha Kigamboni kama abiria. Mwanamke wa makamo alikuwa ameukumbatia. Mzee aliyesimama kando yake alishindwa kuvumilia.

"Nyumba yenyewe iko wapi, mwanangu?"

"Shikamoo, baba. Bado. Nasubiri kibali cha ujenzi. Kiwanja cha babu kimeingizwa kwenye hifadhi ya mikoko."

"Mbona majirani zako wamejenga?"

"Wao walikata mikoko yao zamani, wakaonekana hawana cha kuhifadhiwa. Babu hakuruhusu hata ukuni utoke pale. Leo mama anazeekea chumba cha kupanga."

Mzee akaugonga mlango taratibu, utadhani kuna mwenyeji ndani. "Na huu?"

"Mama kauchagua mwenyewe kule Keko. Anasema mwenye mlango hakosi nyumba."

"Haya, wakikupa kibali, mikoko ya babu utaikata?"

Najma akasahau simu. Kivuko kikagusa gati, watu wakaanza kusukumana.

"Baba, nishikie upande huo," mwanamke akasema.

Mzee akashika. Najma naye, ambaye njia yake ilikuwa kwingine kabisa, akashika katikati. Alilitaka lile jibu.