Sahani ya Nyama Iliyoniumbua Soitsambu

Bwana asifiwe, watu wa nyumbani! Na asifiwe tena, maana leo nimesimama hapa kwa jina langu mwenyewe. Naitwa Emanueli, mzaliwa wa hapahapa Rhotia, Mwiraqw kwa baba na kwa mama. Mnacheka? Ndugu zangu, kuna miaka mingi sikuthubutu kutamka maneno hayo.

Wakubwa mnakumbuka zamani zetu. Mahindi yameshavunwa, jioni ukungu unashuka kutoka msituni, mama zetu wamekaa uani na ngoma wanapiga kwa viganja. Wanaume mstari huu, wanawake mstari ule, mnasogeleana, mnaruka, vumbi linapanda. Mama yangu ndiye aliyekuwa anaanzisha wimbo. Nilipokuwa mdogo alinibeba mgongoni huku anapiga, nikalala usingizi hivyohivyo. Jamani, raha ile! Sijaipata tena popote.

Nikakua, nikapata kazi kwenye lodji moja, hoteli ya watalii njia ya Ngorongoro. Wageni walitaka kuona Wamasai wakiruka. Mimi ni mrefu, mwembamba, na kuruka naweza. Nikavaa shuka nyekundu, nikasuka nywele, nikajiita Lemayani. Wageni wakapiga picha, sifa zikanilevya, nikaanza kuwaona watu wangu washamba. Mkataa kwao mtumwa, nami nilikuwa mtumwa mwenye shanga mpaka miguuni.

Siku moja mama akaja getini na mfuko wa maharage mabichi, anajua nayapenda. Mlinzi akaniuliza kama namfahamu. Nikasema simjui, labda anauza maharage. Mama amesimama palepale, anasikia! Akasema tu, "Ndiyo baba, nauza," akauweka mfuko chini, akaondoka. Ndugu zangu, Petro alipomkana Bwana alitoka nje akalia kwa uchungu. Mimi nilienda kuruka.

Baadaye akaja dada mmoja kutoka Arusha, Neema, anatengeneza filamu yake mwenyewe. Hakuna kampuni wala mfadhili. Kamera moja, watu wanne, gari la kuazima. Filamu ilihusu morani, kijana shujaa wa Kimasai, aliyekaa mjini muda mrefu, anarudi kwao kucheza ngoma ili ajijue yeye ni nani. Neema aliponiona naruka lodji akasema, huyu ndiye! Tukaenda Soitsambu, kule Loliondo, kwenye boma la kweli, lenye ng'ombe wa kweli.

Asubuhi niliruka mno, kina mama wa boma wakanishangilia. Mchana ikaja nyama ya mbuzi. Nikachukua sahani yangu, nikakaa katikati ya kina mama, nikaanza kutafuna ubavu. Lo! Kina mama wakageuza nyuso. Nikadhani nimesahau kuombea chakula. Kumbe kwa Wamasai morani hali nyama mbele ya wanawake, ni mwiko mkubwa, na hata mtoto wao mdogo anaujua! Bibi mwenye boma akanitazama, wala hakukasirika. Akauliza polepole, "Kijana, una mama?" Nikasema ninaye.

"Anajua kwamba umejifanya mtoto wetu?"

Nikaiweka sahani chini. Nililia mbele ya kamera, mbele ya mbuzi, mbele ya kila mtu. Nikamweleza Neema yote, mpaka la getini, nikijua kazi imekwisha. Akasema, "Basi twende kwenu. Filamu ndiyo hiyo."

Kutoka Loliondo mpaka hapa niliomba jambo moja tu: Bwana, mama asinifukuze. Nikapanga na maneno ya kumwambia. Tukamkuta shambani anapalilia na majirani. Nikapiga magoti kwenye matuta, nikamwita "Aayo," mama, kwa Kiiraqw chetu, na ulimi ulikuwa mzito. Alinitazama nywele, shanga, shuka. Jirani mmoja akacheka, "Mmasai gani huyu amepotea?"

Mama akasema, "Si Mmasai. Ni Emanueli wangu. Mpeni jembe."

Haleluya! Nililima nikilia, shuka imejaa udongo. Jioni mama akashusha ngoma yake, majirani wakapanga mistari. Nilikosea kila hatua, naye akanifokea mbele ya kamera: "Miguu hiyo umeiazima wapi?" Hayo yote yamo kwenye filamu. Tuliionyesha hapa kijijini, darasani shuleni, kwenye shuka nyeupe, watu mpaka madirishani. Siku hizi viganja vinamuuma mama, ngoma hapigi tena. Nikizikumbuka jioni zile naitazama filamu peke yangu, nalia, nacheka.

Najua wapo wanaonong'ona, ngoma na wokovu wapi na wapi. Sibishani nanyi. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimefungwa katika uongo, na Bwana akanitoa kwa ubavu wa mbuzi na kinywa cha bibi asiyenijua. Asante Yesu! Asante, mama, wewe uliyeketi pale mstari wa tatu, ukinikonyeza nimalize.

Namaliza. Ndugu yangu, kama yupo uliyemkana, mtegemee Bwana, kisha umwendee mtu huyo leo hii. Usihangaike utaanza na neno gani. Maneno niliyoyapanga tangu Soitsambu sikuyasema hata nusu, maana mama hakuyahitaji. Nenda tu. Amina.