Steringi Hakufa Getini

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kahawa cha Rasathi, hapa Coimbatore, ng'ambo ya kiwanda cha nyuzi kilichofungwa baada ya mgomo. Sote tulifanya kazi mle: mimi, Bobini, ambaye hata mkewe ameshasahau jina lake halisi, na Wakili, ambaye hajawahi kukanyaga chuo cha sheria. Jana tulikwenda kuona ile sinema ya Kitamil iliyotengenezwa juu ya mgomo wetu. Humo ndani Vellaichamy, kiongozi wetu, anapigwa risasi getini, anainuka, anahutubia umati, na tajiri anasalimu amri. Vellaichamy wetu hakuinuka.

Bobini: Tumepigwa kamba mchana kweupe.

Wakili: Steringi hafi, bwana. Akifa, mashabiki wanachoma ukumbi.

Bobini: Basi wangempa mtu mwingine awe steringi.

Wakili: Wewe hujui. Kuna amri kutoka juu: askari akifyatua risasi kwenye picha, sharti akose.

Mimi: Amri hiyo umeisoma wapi?

Wakili: Amri kama hizo haziandikwi.

Bobini: Mimi nasema sinema kaitengeneza tajiri mwenyewe. Wajukuu waamini tulishinda, wasituulize mbona geti lina kutu.

Wakili: Tena hata mgomo alituchochea yeye. Alitaka kiwanda kife, auze ardhi.

Rasathi: Wakili, kunywa kahawa yako, inapoa.

Wakili: Acha nimalize, dada. Nani kati yetu anajua kwa hakika Vellaichamy alikufa? Labda yuko Mumbai huko, kafichwa, anakula vyake.

Bobini: Machela yake niliibeba kwa bega hili. Usinichezee.

Wakili akachukua kahawa yake. Mwanamke aliyekuwa amesimama pembeni, kikombe cha chuma mkononi, akasogea. Tulidhani anangoja basi.

— Samahani, wazee wangu. Naitwa Poongodi. Vellaichamy ni baba yangu. Alipokufa nilikuwa tumboni.

Tulisogeana akapata pa kukaa. Alisema anashona mashati Tiruppur, na mama yake ameshafariki. Hakumwachia hata picha moja ya baba. Nyumba yao ilipopekuliwa wakati wa mgomo, zote zilichukuliwa.

— Ile sinema naiona kila nikipata nafasi, akasema. Pale anapohutubia nafumba macho, nasikiliza tu. Ninyi mlimjua. Baba alikuwa na sauti kama ile?

Bobini: Ilikuwa nzito.

Wakili: Nyembamba, Bobini. Alikuwa na kikohozi cha pamba.

Bobini: Nzito. Au... mke wangu angejua.

Wakageuka kuniangalia mimi, kwa kuwa nilikuwa nikisimama naye getini kila asubuhi. Nikafumba macho. Maneno yake yote yalikuja, hata lile tusi alilompa msimamizi. Lakini aliyekuwa akiyasema ni yule mwigizaji. Nikamfukuza, akarudi. Nikajaribu kumkumbuka Vellaichamy akiomba maji tu, akiniita kwa jina. Mwigizaji yuleyule.

— Rasathi, nikasema, wewe ulimuuzia kahawa miaka yote ile.

Rasathi alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya sari. Akatikisa kichwa kukataa.

Poongodi akasubiri, akitutazama mmoja mmoja.