Bi Mkasi na Filamu Waliyoikimbia Wenzake

Ijumaa hii, tarehe 30, Bi Mkasi anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika gazeti letu. Miaka ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia kuhakiki filamu, na watengenezaji filamu wengi wameitumia kumwogopa.

Alianza kama msahihishaji. Siku moja alimpelekea mhariri uhakiki wa mwandishi mmoja uliomsifu mwigizaji ambaye kwenye filamu yenyewe hakuwamo kabisa. "Mwenzetu huyu hakwenda sinema," alisema. "Basi nenda wewe," akajibiwa. Akaenda, na kwenye kusahihisha hakurudi tena. Jina la Bi Mkasi tulimpa sisi, kwa jinsi alivyokata sifa za bure. Mimi ninayeandika maelezo ya picha, kwenye meza iliyo jirani na yake, aliwahi kunikatia maneno mawili kati ya matatu.

Lakini wajukuu wasimuliwe ile ya *Wino Mbichi*. Ilikuwa filamu ya uhalifu, iliyotengenezwa kwa kuungaunga na mwalimu wa kemia na dada yake, fundi cherehani. Karani wa mahakama anakuta sahihi ya mumewe kwenye hati ya kifo cha mtu aliye hai. Mvua ilitoka kwenye mpira wa kumwagilia bustani. Gari lilikuwa moja, likibadilishwa namba tu. Vivuli vyote vilitokana na taa moja na pazia la vibao. Wahakiki watano walialikwa kwenye onyesho la asubuhi. Watatu waliondoka katikati. Kesho yake gazeti moja likaandika "giza tupu", jingine "mbwembwe za maskini". Mwenye ukumbi akatangaza kuiondoa Jumapili.

Bi Mkasi aliitazama mara mbili, ya pili kwa tiketi yake mwenyewe. Kisha akaomba ukurasa mzima. Mhariri akaguna.

"Mama, wote wameiponda. Ukikosea, ukurasa huo nawapa watu wa michezo."

"Wape, lakini wiki ijayo. Wa leo ni wangu."

Alisema hivyo kwa ujasiri, ila alipoketi nilimwona akifuta sentensi ya kwanza mara tatu. Akaandika: "Wamesema ni giza. Ni kweli. Ila mwanga mdogo uliopo umewekwa palepale penye uongo. Tazama mikono ya karani anapofunga faili. Hapo ndipo ndoa inapovunjika."

Ijumaa ukumbi ulijaa nusu. Jumamosi watu waliketi kwenye ngazi. Jumapili mwenye ukumbi alipiga simu, si kwa habari ya kuiondoa, bali kuomba ruhusa ya kuchapa sentensi zile kwenye bango. Filamu ilikaa wiki saba! Yule wa "giza tupu" alirudi, akatazama hadi mwisho, akaandika upya: "Niliondoka mapema, nikaikosa filamu." Uungwana ni vitendo, na tunampongeza. Mhariri wetu naye alisimama katikati ya chumba cha habari, akaisoma makala nzima ya Bi Mkasi kwa sauti, akakiri kwamba alikuwa amekosea. Tulipiga makofi mpaka mlinzi akaja kuuliza kulikoni.

Mwalimu na dada yake walifika kushukuru. "Tulikuwa tumeshaamua kuifungia kabatini," dada akasema, akilia. Bi Mkasi akawavutia viti. "Kaeni, wanangu. Sasa niwaambie pale ilipopwaya." Wakakaa saa mbili, wakiandika kila neno. Filamu yao ya pili ilipotoka, wahakiki wote waliketi mpaka taa zilipowashwa.

Mumewe, fundi saa, anasema kwa miaka ishirini na sita amekatazwa kunong'ona ukumbini, na kuanzia Jumamosi atatoa maoni yake yote. Mungu amzidishie mkewe subira.

Bi Mkasi, asante kwa kutazama mpaka mwisho pale wengine walipochoka, na kwa kusema ulichokiona hata ulipokuwa peke yako. Nenda na afya, nenda na furaha, na siku zako zote ziwe njema.